Namba ya Uzi

Wiki nzima mume wangu Chilongani
alikula ugali na kambale asiyekuwepo:
alivyokuwa mnene, alivyogeuka mara moja tu,
alivyoondoka na mshipi, na ndoana, na nusu ya mwanzi.
Jumamosi nikafunika cherehani, nikaenda Sabasaba.

Masaka anauza fimbo za kuvulia katika rundo moja
na miavuli iliyovunjika na magongo ya wagonjwa.
Zimetoka kwenye marobota, hazina karatasi.
Akanichomolea nyeusi, nene kama mchi.
"Hii, mama, hata mamba anatoka."
Nikamwambia Hombolo sifuati mamba.
Nikaishika nchani, nikaiinamisha:
haikujibu. Kaki iliyotiwa wanga.

Ya pili ilijikunja tangu kwenye shikio,
ikalegea kama shifoni inayokimbia mkasi.
Ya tatu, ya kijivu, imechubuka,
iliinama theluthi ya juu, kisha ikakataa.
Nikaiachia. Ikarudi mahali pake, ikatulia,
haikutetemeka mara mbili.
Kitambaa hiki nakijua, nikasema moyoni:
tetroni ya sare za shule,
humfuata mtoto akiinama, haimwachi akisimama.

Rili zilikuwa ndani ya beseni.
Masaka akachagua kubwa kuliko zote, inang'aa kama birika la harusini.
Tukaifunga. Fimbo ikaenda kisigino chini,
ncha ikatazama juu kama mtu aliyeulizwa deni.
"Kubwa ndiyo nguvu, mama."
Mwanangu, nimeshona miaka ishirini na sita.
Sindano namba kumi na sita ukiitia kwenye hariri
hujashona, umetoboa.
Na kumi na moja kwenye jinzi itakatika,
kipande kikurukie jichoni.

Nikachambua beseni mpaka nikapata ndogo,
mkono wake unazunguka bila kusaga mchanga.
Nikaifunga, nikalaza fimbo juu ya kidole kimoja,
mbele kidogo ya rili:
ikalala sawa, kama mizani ya muuza karanga asiyeiba.
Elfu thelathini na tano. Tukavutana hadi ishirini na nane.
Nailoni nene alinipa bure, nikaikataa.
Nembamba nikainunua.

Jumapili, Hombolo, upepo wa Julai unapasua midomo.
Chilongani ameendesha grida miaka thelathini;
kwake breki ni kitu cha kukanyaga hadi mwisho.
Akakaza skrubu ya rili mpaka kucha zikawa nyeupe.
Kambale wa kwanza akavuta mara moja: taa!
Uzi ukarudi mtupu, ukamchapa shati.
Akaitazama fimbo. Akanitazama mimi,
kama fundi aliyeunguza kitenge cha mteja.

Sikusema neno.
Nilisema kidogo.
Nikaichukua ile skrubu, nikairudisha nyuma
nusu duara, tena robo,
nikiuvuta uzi kwa vidole viwili
kama ninavyopima mkazo kabla ya shela ya bibi harusi:
utoke, lakini utoke kwa kuomba.

Alipokuja wa pili nilikuwa nimeshika mimi.
Akakimbilia magugu, rili ikalia
sauti ileile ya cherehani kwenye pindo refu,
na mguu wangu wa kulia, bila kutumwa,
ukawa unakanyaga tope ukitafuta pedali.
Nikampa. Nikamnyang'anya. Nikampa tena.
Hakuwa mnene wa hadithi.
Alitosha sufuria moja na jirani mmoja.

Nyumbani sare za watoto wa Chang'ombe zilinisubiri,
mikono haijaunganishwa, na Jumatatu ni kesho.
Nikawasha taa, nikatunga uzi.
Chilongani akasimama mlangoni, ananuka samaki,
akakohoa, akashika fremu ya mlango,
akauliza polepole, kama mgeni anayeuliza njia:
"Huo... ni namba ngapi?"